Mstari Uliojaa Kabla ya Kazi

Mke wangu Mwongeli aliongea redioni miaka mingi, lakini alipokufa mimi sikuwa na sauti yake hata ya kusema habari ya asubuhi. Mtu unayekula naye humrekodi. Unamrekodi wa nini, na yuko hapo jikoni anakugombeza?

Redio yenyewe ni ya chama chetu cha wakulima, huko Nunguni. Ni chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Mwongeli alikuwa na kipindi cha asubuhi, cha mbuzi na ndengu na magonjwa ya kuku. Yeye alizaliwa upande wa Mutomo, na Kikamba chake cha Kitui kiliwachekesha watu wa huku Makueni, lakini walimsikiliza mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nilikuwa shambani Kalamba saa hizo, na redio tuliyokuwa nayo ilikaa jikoni.

Siku alipozidiwa, gari la wagonjwa la eneo letu lilikuwa limepeleka wakubwa semina. Nitalisema hilo mpaka nami nizikwe. Watu wa kanisa waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuita ile semina.

Baadaye binti yangu Kathini akapata mtoto wa pili wa kike. Wa kwanza alipewa jina la mama ya mume, kama ilivyo desturi yetu, kwa hivyo huyu zamu ilikuwa ya upande wetu, akaitwa Mwongeli. Kathini akanileta mtoto nimshike, akaniuliza, "Baba, huyu atamjuaje mwenye jina?"

"Picha tunazo," nikasema.

"Picha haiongei."

Ndiyo nikapanda mlima kwenda kwa Nzuki, meneja wa redio. Nzuki alilelewa Nakuru, akaletwa hapa na kamati ambayo hakuna mkulima aliyeulizwa ni kamati gani. Alinipokea vizuri. Kupokea watu vizuri anajua.

"Mzee Musembi, usiwe na shida. Vipindi vyote vya marehemu viko ndani ya ile komputa ya zamani. Lakini tumepata mpya kutoka kwa wafadhili, tunahamisha kila kitu. Wacha tumalize kuhamisha, nitakupa zote."

Anayehamisha alikuwa Nthenya, mtoto wa mdogo wake Mwongeli. Alisomea komputa chuo kimoja Kitui, na pale redioni walimwandika kibarua, eti mpaka bajeti ipite. Nikaenda kukaa kwake nione. Komputa ya zamani ilikuwa chini ya meza, inakoroma kama mbuzi aliyemeza nailoni.

"Imechoka, Uncle," Nthenya akaniambia. "Ukivuta vitu kwa mausi inakwama. Kwa hivyo nimeiandikia skripti."

Skripti ni maneno machache ya amri. Anayaandika kwenye dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, halafu mashine inayafuata yenyewe: chukua sauti hii, peleka kwa komputa mpya, hakikisha imefika nzima, chukua nyingine. Nililipenda hilo. Kila ofisi ingefanya hivyo tungekuwa mbali.

Shida ni kwamba lile dirisha lilikuwa kimya. Unaandika amri, unabonyeza, basi. Hakuna kinachoandikwa, hakuna kinachosonga. Na Meneja Nzuki ana sheria yake, mashine ikinyamaza imelala, izime uiwashe. Nthenya akitoka kwenda kula, Nzuki anapita, anaona weusi mtupu, anazima. Ilitokea, ikatokea tena, na kila mara ile diski ya zamani iliamka mgonjwa zaidi.

"Nani amezima?" Nthenya aliuliza siku hiyo nikiwa hapo.

"Ilikuwa imelala," Nzuki akasema.

"Haikuwa imelala, Bwana Meneja. Ilikuwa inafanya kazi."

"Sasa mimi nitajuaje? Mtu anayefanya kazi si anaonekana?"

"Wengine hawaonekani," nikasema.

"Mzee, na wewe," Nzuki akacheka, akaenda zake.

Nthenya hakubishana. Alifungua ile skripti, akaongeza maneno kidogo tu juu na chini. Akaniita nione. Kwanza mashine ilihesabu sauti zote zilizoko. Kisha ikachora mstari wa nukta, na kila sauti ikimaliza kufika upande wa pili, nukta zinageuka vijialama kama uzio wa waya, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwisho wa mstari kuna asilimia.

"Siri yake ni ndogo," akaniambia. "Unaikataza kushuka mstari wa chini. Inarudi mwanzo pale pale, inaandika juu ya maandishi yake. Jicho linaona kama uzio unaongezeka, kumbe kila mara umeandikwa upya."

Nilikaa nikautazama ule uzio. Ukifika kwa sauti ndefu unasimama mpaka unaanza kuwa na wasiwasi, halafu unasonga. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda maofisini, nilikuwa naona kazi yangu imefika wapi. Hakuna mtu aliyekuwa ananiambia iko mezani kwa bosi.

"Mwongeli yuko wapi hapo?" nikauliza.

"Mimi nilitaka kuanza na yeye, kwa sababu ndiye wa zamani. Meneja amesema tuanze na folda ya hotuba. Zile za mikutano yake. Anasema wafadhili watauliza hizo."

"Halafu?"

"Halafu matangazo, halafu vipindi. Shangazi yuko kwa vipindi."

Siku ile hatukumaliza, stima ilipotea, na stima ikipotea Nunguni unajua umeenda nyumbani. Kazi ikangoja ianze upya. Na kabla haijaanza, Nzuki akaja na habari ya sherehe.

Komputa mpya ilibidi izinduliwe. Mheshimiwa mmoja kutoka upande wa Kitui angekuja kuizindua, na ile ya zamani angepewa apeleke shule ya msingi kwao, upande wa Mutomo, ionekane kaunti mbili zinashirikiana. Nzuki alikuwa ameupenda ule mstari wa Nthenya. Alitaka mheshimiwa abonyeze kitufe, mstari ukue kwa ukuta watu wote wakiuona, na hotuba ikiisha uwe umejaa.

"Hii kazi inachukua siku nzima," Nthenya akasema. "Sauti ni nzito, na diski ni mgonjwa."

"Mstari si umechora wewe? Chora haraka."

"Nikichora haraka hautakuwa unaonyesha kazi."

"Utakuwa unaonyesha mheshimiwa. Nthenya, usinifanyie ugumu. Kazi yako iendelee huko nyuma polepole, hakuna anayeiona. Mashine haitoki hapa mpaka kesho yake, nakuahidi. Huyu mzee ni shahidi."

Na mimi, mjinga, nikajiona mtu wa maana, nimefanywa shahidi.

Mnashangaa nini? Mimi nimeona bomba la maji likizinduliwa, maji yanaruka, akina mama wanacheza, na nyuma ya tangi kuna lori la maji limewekwa majani juu. Barabara tumekatiwa utepe ikiwa bado ina ng'ombe. Nthenya ni mtoto, alifikiri skripti ni kitu cha ukweli kwa sababu ni hesabu. Aliandika walichotaka. Aliutoa mstari kwenye kazi akaufunga kwa saa: lala kidogo, ongeza alama, lala kidogo, ongeza alama. Aliniambia alipomaliza alijisikia kama amepaka rangi kaburi.

Siku ya sherehe walifunga hema, wakatundika shuka jeupe ukutani kuonyesha skrini. Kwaya ya akina mama iliimba. Soda zilifika kwa walioketi mbele. Mimi nilivaa koti la kanisa nikaketi katikati. Mheshimiwa akabonyeza, na uzio ukaanza kukua kwenye shuka, laini, bila kusimama hata mara moja. Hapo ndipo ungejua ni uongo. Kazi ya kweli husimama.

Hotuba ilipofika mwisho, uzio ukafika mwisho. Nzuki akasoma kwa sauti, "Asilimia mia," na watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa napigia kesho yake, ile niliyoahidiwa.

Kisha mheshimiwa akatazama saa. Alikuwa na sherehe nyingine, akasema angependa kupigwa picha akipakia ile komputa kwa mikono yake, aende nayo. Nzuki akamtazama Nthenya. Nthenya akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia walivyosemezana.

"Bado sana," Nthenya akanong'ona. "Haijatoka hata kwa hotuba zako zote."

"Si imejaa? Watu wote wameona imejaa."

"Bwana Meneja, uliahidi."

"Sasa unataka nimwambie mheshimiwa alikuwa anatazama mchoro?"

Akainama chini ya meza, akang'oa waya yeye mwenyewe. Akashika upande mmoja, mheshimiwa upande mwingine, na tabasamu.

Nikasimama. Nikasema, "Hiyo kitu haijaisha." Msema chochote wa sherehe, kijana mwenye suti ya kubana, akafurahi. "Kuna mzee wetu anataka kutoa neno la shukrani," akasema, nikawekewa maikrofoni mdomoni. Watu wote wakageuka.

Mimi si msemaji, aliyekuwa msemaji ni mke wangu. Nikasema kilichokuwa kichwani. "Mke wangu yuko ndani ya hiyo komputa. Msiende naye."

Kama ungeniuliza, ningesema hayo ni maneno yaliyonyooka. Lakini hema lote likasema, "Pole, mzee," kwa ile sauti ya matangani. Mama mmoja akaanza kujifuta macho. Mheshimiwa akaweka mkono kifuani. Na mchungaji, mtu mzuri tu, hana makosa, akachukua maikrofoni akasema tuinamishe vichwa tumwombee Mzee Musembi faraja. Tukafumba macho. Ilikuwa sala ndefu. Aliwaombea wajane wote wa Makueni, na wagane, na wale walio upande wa Kitui. Nikiwa nimefumba macho nilisikia pikapu ikiwashwa. Ungenishauri nifanye nini, nikimbie katikati ya sala ninayoombewa? Niliposema amina, vumbi lilikuwa limeshashuka kwenye kona ya soko.

Kesho yake mimi na Nthenya tulishuka mpaka barabara kuu, tukaenda Mutomo. Njiani alisema, "Ningekataa kuchora, Uncle."

"Wangemtafuta mwingine achore."

"Huyo mwingine angekuwa si mimi."

Lami ni nzuri siku hizi, lakini shule ilikuwa ndani, njia ya mawe, na kila tulipoinuliwa kwenye kiti niliifikiria ile diski mgonjwa nyuma ya pikapu, bila hata gunia chini yake. Mwalimu mkuu alikuwa ameiweka ofisini kwake, ameifunika kitambaa cha kufuma. Alituambia tangu ifike haijawaka, walifikiri ni wao hawajui. Nthenya akaiwasha. Ilitoa mlio, tik, tik, tik, kama kuku anadonoa bati, basi. Mwalimu akatukabidhi diski bila ubishi. Alisema kwa shule hiyo haitakuwa kitu cha kwanza kuletwa kikiwa kimekufa.

Tuliipeleka Kitui mjini kwa Khalid, fundi ambaye Nthenya alimjua tangu chuoni. Duka lake liko nyuma ya msikiti. Ni mtu wa taratibu. Aliisikiliza ile diski kwa sikio kwanza, kama daktari, akaijaribu kwa mashine yake, akajaribu tena kwa nyingine. Kisha akaniletea kiti, na nikajua.

"Mzee wangu, pole. Imekwaruzika ndani. Ilikuwa inazunguka ilipong'olewa, halafu ikatikiswa na barabara."

"Hakuna mahali ya kupeleka? Nairobi?"

"Ningekutuma Nairobi ungerudi na jibu hili hili, umechoka. Sitaki kukutuma."

Nilimshukuru. Huyo ndiye mtu wa pekee katika habari hii yote aliyeniambia hapana kwa wakati.

Tuliporudi Nunguni, Nzuki alikuwa ameweka picha ya mheshimiwa na komputa mlangoni. Nthenya akamweleza kwamba vipindi vyote havipo. Alisikitika, sitamsingizia. Alisikitika kama mtu aliyesikia mvua imenyesha kwa jirani. Halafu akauliza, "Na hotuba?"

"Nyingi zilikuwa zimefika."

"Aa. Afadhali," akasema, akaenda mkutano.

Nikabaki nimeketi pale pale nilipokuwa nikitazama uzio. Nthenya akaanza kufungua zile hotuba moja moja, kuona zipi ni nzima. Nzuki akaongea ndani ya spika kuhusu mikakati. Nzuki akaongea kuhusu wadau. Nikamwambia aizime, naye akapeleka mkono, na hapo hapo sauti ya mwanamke ikasema kwa Kikamba cha Kitui, "Anasema tungoje."

Nthenya akatoa mkono kana kwamba ameungua.

Nilisahau Nzuki hajui Kikamba zaidi ya salamu. Akienda kwa wakulima vijijini lazima atafsiriwe. Mwongeli alikuwa akiniambia ameenda mkutano, na mkutano kwangu ni mkutano, sikuwahi kuuliza anafanya nini huko. Kumbe alikuwa anasimama kando ya Nzuki, sentensi kwa sentensi.

"Ofisi yangu inalifuatilia suala la mbegu kwa ukaribu na itatoa taarifa kwa wakati mwafaka," Nzuki anasema, kwa Kiswahili chake cha kuvaa tai.

"Anasema tungoje," anasema Mwongeli.

Watu wanacheka. Nzuki anafikiri wanamfurahia, anaongeza sauti. "Changamoto za usafiri zilitufanya tusifike mapema, lakini tuliwafikiria."

"Anasema gari lilikuwa kwake."

Nilicheka, halafu sikuweza kuendelea kucheka. Yule alikuwa mke wangu mwenyewe, na koo lake la asubuhi kabla ya chai. Nilikuwa nimeshasahau kwamba akitaka kusema kitu kikali anashusha sauti badala ya kupandisha. Miaka yote hiyo alikuwa anasema mbele za watu mambo ambayo mimi nayasema nikiwa peke yangu na mbuzi.

"Naweza kumtoa Meneja," Nthenya akasema. "Nimkate, abaki Shangazi peke yake."

"Mtoe."

Akaandika skripti nyingine. Alitafuta mahali kila sauti inapoanza na kuishia, mashine ikate ya mwanaume na kuacha ya mwanamke, hotuba zote zilizopona. Akaweka mstari, wa kweli safari hii, uliofungwa kwa kazi. Ulisimama mara nyingi. Nzuki alirudi, akachungulia, akautazama umesimama. Mkono wake ukaenda kidogo upande wa swichi.

"Unafanya kazi," nikamwambia. Akaurudisha mfukoni.

Ulipofika mwisho Nthenya akatusikilizisha. Mwongeli peke yake, bila Nzuki. "Anasema tungoje. Anasema gari lilikuwa kwake. Anasema hiyo hakuiona. Anasema hayo muulize mwingine. Anasema tungoje." Hakuna aliyecheka, kwa sababu makofi na vicheko vilikatwa pamoja na mwanaume. Alikuwa kama mtu anayeongea na ukuta. Haikuwa yeye. Mke wangu hakuwa mtu wa kuongea bila kuchokozwa.

"Mrudishe," nikasema.

"Meneja?"

"Mrudishe yote. Na makohozi yake."

Nthenya akaniwekea zote kwa simu, kama zilivyorekodiwa. Sasa nazijua. Najua hotuba za mtu ambaye kamati ilituletea, najua atavuta pumzi wapi, atasema wadau mara ngapi kabla hajampa nafasi. Nikilima nazisikiliza. Jirani anapita ng'ambo ya ua anauliza, "Musembi, siku hizi umekuwa mtu wa Nzuki?" Namwacha aamini.

Jumapili iliyopita Kathini alikuja na mtoto. Nikamweka Mwongeli mdogo gotini, nikabonyeza simu. Nzuki akaanza kuwashukuru waliompa nafasi ya kusimama mbele yetu, mmoja baada ya mwingine, kwa vyeo vyao. Mtoto akaikodolea simu macho. Kathini alivumilia kidogo, akasimama.

"Baba, huyu mtu wa nini hapa? Mtoe, tumsikie Mama."

"Keti," nikamwambia. "Ngoja amalize."